Vijana wa sekondari wamerudi kwenye kwepena na duulu. Nini kimewapata?

MkaziWaNtinda
Habari zenu wakuu. Mtaani kwetu Ntinda, Kampala, kuna kiwanja kidogo nyuma ya kanisa, zamani watu wa boda walikuwa wanaoshea pikipiki pale. Likizo hii kila jioni nakuta vijana wa S.2, S.3, wengine wana ndevu kabisa, wanacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushiwa. Mpira wa soksi, mistari ya chokaa, wasichana na wavulana pamoja. Pembeni wengine wamechimba kishimo wanacheza duulu, yaani gololi. Simu zote zimetiwa kwenye ndoo tupu ya rangi, kifuniko juu, na binti mmoja amekalia kifuniko.
Enzi zangu kijana wa umri huo ukimwambia acheze kwepena anaona umemtukana. Ulikuwa mchezo wa P.4, shule ya msingi. Ukifika senior unajifanya mtu mzima, unasimama ukutani na mikono mfukoni. Sasa hawa vipi? Au ni mtaa wetu tu?

SteejiWandegeya
Bando limeisha. Funga uzi.

Kilembe_Boy
Wewe wa steji usifunge uzi, tuna maneno. Hapa Kasese pia nimeona, ila kwetu ni wasichana na ule mpira unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Wawili wanaunyoosha, mmoja anaruka. Wanaanzia kifundo cha mguu, magoti, kiuno, wanapanda mpaka kwapani. Binti wa dada yangu yuko S.3, anaruka usawa wa kwapa na gauni la kanisani. Nikamuuliza umejifunza wapi, akasema TikTok. Mama yake aliucheza mchezo huohuo kwenye nyumba za wachimbaji pale Kilembe, lakini binti amefundishwa na msichana wa Nairobi ndani ya simu.

Otis_Busia
Hiyo ni bladda, mjomba. Msichana wa Nairobi amefanya kazi nzuri, mtumieni ada yake. Na hiyo kwepena yenu ndiyo kati yetu. Mimi niko upande wa Kenya, nikivuka barabara nakuta watoto wa Uganda wanacheza kitu kilekile, wanabishana tu kwa lugha nyingine.

Wa_Mutukula
Na kati yenu ndiyo rede yetu Tanzania. Lakini rede ya kwetu wa katikati hakwepi bure. Anajaza mchanga kwenye chupa huku wenzake wawili wanamlenga kwa mpira kutoka pande mbili. Ujaze, umwage, ukimbie, usiguswe. Ninyi mnarukaruka tu.

MkaziWaNtinda
Asanteni. Lakini mmenijibu mchezo unaitwaje, mimi nimeuliza kwa nini watu wazima hawa wameurudia.

MwlZaituni
Nafundisha Kiswahili sekondari ya bweni, Jinja. Niseme ninachokiona mimi.
Simu shuleni ni marufuku, na hilo ni agizo la wizara la siku nyingi, shule zinatofautiana tu kwa ukali wa kupekua masanduku. Mtoto wa bweni anamaliza muhula mzima bila kioo mkononi. Zamani muda huo ulikwenda kwenye prepu, prepu, na prepu. Tangu mtaala mpya wa S.1 hadi S.4 uanze 2020, alasiri imepata nafasi ya klabu, michezo na kazi za mradi. Haya, kijana wa miaka 15 ana alasiri yake, hana simu. Timu ya mpira inachukua kumi na mmoja na wa akiba wachache. Netiboli inachukua saba. Waliobaki ni mamia. Wanachukua soksi iliyopoteza mwenzake, wanaijaza matambara, wanachora mstari.
Halafu Kiswahili ni cha lazima S.1 na S.2 kwenye mtaala huo. Wanafunzi wangu nawapa kazi ya kueleza sheria za mchezo wa kwao. "Mpira ukikugusa, unatoka. Ukiudaka, unaokoa mwenzako." Huwezi kuandika sheria za mchezo usioucheza, kwa hiyo wanakwenda kuucheza kwanza. Insha zinachelewa lakini zinakuja na vumbi.

SteejiWandegeya
Mwalimu, heshima zako. Lakini hao wa Ntinda wako likizo na simu wanazo, ziko kwenye ndoo. Nadharia yako imegonga ndoo.

MwlZaituni
Tabia ya bweni wanatoka nayo mpaka nyumbani, ssebo. Wewe unadhani wazo la kukusanya simu za watu kwenye ndoo limetoka wapi? Huyo ni metroni mtupu.

Dogo_S5
Shikamooni wazee wangu. Naomba niingie maana mnaongea juu yetu kama hatupo. Mimi niko S.5, nakaa Kireka.
Sisi kwenye mtaa wetu tulianza na ile tamthilia ya Wakorea ya 2021, ambayo watu wazima wanacheza michezo ya watoto na anayeshindwa anauawa. Mle ndani kuna kuvuta kamba, kuna gololi. Kila mtu alikuwa anaitazama, hata asiye na simu alisimuliwa. Tukasema aa, kumbe duulu ni mchezo wa wakubwa. Tukaanza kwa utani, mtu akitoka tunamtangaza amekufa. Baadaye tamthilia ikasahaulika, mchezo ukabaki. Hivyo tu. Hakuna aliyetutuma.

Mama_Bombo
Marahaba mwanangu. Umesema kweli lakini hujamaliza. Kwa nini mnacheza wavulana na wasichana pamoja? Kwenye hiyo sinema ya Wakorea ndiyo mmeambiwa?
Mimi ni Mnubi wa Bombo, na sisi alasiri ya Idd tulikuwa tunarusha mpira mpaka magharibi, wasichana wakubwa wa kuposwa, na waliokuwa wameshaposwa. Hakuna aliyetuambia tumekua. Na wavulana walikuwa wanakuja "kutazama". Kwepena ni mahali pekee ambapo kijana anaweza kumlenga msichana mbele ya baba yake na asipigwe.

Dogo_S5
Mama umenimaliza.

Kilembe_Boy
Mama Bombo kafunga uzi kuliko steji 😂

BabaWatatu_Mbale
Banange, mnazunguka mbali. Mmesahau korona? Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu kuliko sisi. Hawa wa S.2 na S.3 wakati ule walikuwa P.4, P.5, umri wenyewe wa kwepena. Waliikosa. Mwanangu wa pili alirudi darasani amebadilika sauti. Alirukishwa darasa, akarukishwa na utoto. Sasa wanadai deni lao. Mimi wangu akicheza simkatazi, acha acheze mpaka achoke.

Dogo_S5
Mzee, kufungwa kulikuwa kwa vipande. Sisi wa P.7 tulirudishwa Oktoba 2020 tujiandae na mtihani wa kumaliza msingi, PLE, tukaufanya Machi 2021. Madarasa mengine yakaanza kurudi kwa zamu, halafu Juni 2021 zikafungwa tena zote.

BabaWatatu_Mbale
Wewe ulikuwa mtahiniwa. Wangu wa P.4 hakuona ubao kwa muda gani? Hilo ndilo ninalosema.

MjukuuWaMasaka
Baba Watatu, mimi naichukua korona yako hiyohiyo naigeuza. Hawakuikosa michezo wakati ule, ndipo walipojifunza. Mji ulipofungwa wazazi wengi waliwapeleka watoto kijijini kwa bibi, kabla magari hayajazuiwa. Kwa bibi yangu Masaka tulikuwa wajukuu wa kila aina, wa Kampala, wa Mukono, hata mmoja wa Nairobi aliyekwama mpakani na mama yake. Mtandao mpaka upande juu ya kichuguu. Basi wa kijijini wakatufundisha wa mjini. Kuteleza mlimani juu ya gogo la mgomba. Kusukuma ringi ya pikipiki kwa kijiti. Mpira wa byayi, zile nyuzi kavu za mgomba, ambao ukikupiga mgongoni unaujua, siyo huu wa soksi wa kubembeleza.
Tulirudi mjini na hayo yote. Tulipofika senior tukakuta wengine nao walikuwa kwa bibi zao, kila mmoja na sheria zake. Mwaka wa kwanza wote tulibishana sheria.

BabaWatatu_Mbale
Wangu hawakwenda kijijini. Walikaa Mbale wakitazama ukuta.

KijanaWaKota
Nasoma huu uzi nacheka. "Imerudi, imerudi." Haijaondoka. Mlioondoka ni ninyi.
Mimi nimekulia Nakawa kota, zile nyumba za zamani za wafanyakazi. Kiswahili changu nilikipata pale, kwa watoto wa relwe, wa polisi, wa Kenya, wa Kaskazini, maana ndiyo lugha pekee tuliyoweza kugombania mpira bila mtu kuonewa. Kati ya safu na safu za nyumba kulikuwa na uwazi, hakuna gari linapita. Tulicheza kwepena mpaka S.4 na hakuna aliyetushangaa. Nyumba zilibomolewa 2011, watu wakatawanyika: Kireka, Banda, Namuwongo, wengine walirudi kwao. Kule Namuwongo nenda leo, nenda kesho, vijana wa miaka 16 wanacheza. Walikuwa wanacheza na 2015, na 2019. Hakuna aliyewafungulia uzi.
Kilichobadilika ni kwamba watoto wa mageti wametoka nje. Mtoto wa geti akicheza duulu inaitwa habari. Wa Namuwongo akicheza duulu anaitwa muyaye, mhuni, mwulize kwa nini hayuko shule.

MkaziWaNtinda
@KijanaWaKota umenigusa kidogo. Ila hawa wa nyuma ya kanisa wamechanganyika, geti na wasio geti. Mmoja ni mtoto wa mama anayetuuzia chapati.

KijanaWaKota
Basi kamwulize huyo wa chapati alianza lini.

Nakivale_BaseCamp
Jambo bandugu. Miye ni Mkongomani, niko Nakivale, kambi ilianza zamani sana, miaka ya hamsini mwishoni, kwa hiyo hapa kuna michezo ya kila kabila lililowahi kukimbia. Kijana wa Kota amesema kweli. Hapa hakuna kurudi, maana hakukuwa na kuondoka. Kiwanja kipo, vumbi lipo, umeme ni wa sola.
Lakini kuna kitu hamjakitaja. Dada zetu wanacheza nzango. Makundi mawili yanasimama yakiangaliana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka na kurusha mguu mbele, na pointi inahesabika kulingana na mguu uliotoka na mguu wa mwenzako. Huo ulikuwa mchezo wa wasichana wadogo uwanjani mwa shule, Kinshasa na Brazzaville. Sasa wanawake wazima wana timu na jezi na refa. Mwaka 2015 ulionyeshwa kwenye Michezo ya Afrika pale Brazzaville. Kwa hiyo mkishangaa binti wa S.3 anaruka kamba, mama wa watoto wanne Kinshasa anatafuta medali.

Wa_Mutukula
"Miye niko"... Kiswahili cha Kongo hakikosi ladha 😄 Karibu ndugu. Lakini refa anaonaje miguu ya watu wote hao kwa mara moja?

Nakivale_BaseCamp
Wanapambana mmoja kwa mmoja kwa zamu, kaka. Wengine wanaimba na kupiga makofi. Refa anaona. Anayebisha ni kaka zao tu.

MhasibuWaNakasero
Niongeze la maofisini. Siku hizi kila kampuni ikitaka wafanyakazi wake wapendane inawapeleka Entebbe ufukweni wavute kamba, wakimbie na magunia, wacheze kwepena. Meneja wetu wa fedha alirushiwa mpira na mfagizi, kicheko chake hakikuwa cha kweli. Picha zinawekwa kwenye status. Watoto wetu wanaziona. Baba mwenye tai anacheza kwepena, sasa mimi wa S.2 nikicheza aibu iko wapi? Nafikiri aibu ilianza kuondoka kwetu sisi kabla ya kuondoka kwao. Na zile sherehe za waliosoma pamoja ni vilevile, wazee wa miaka 45 na fulana zinazofanana wanachora miraba chini wanarukia mguu mmoja. Mmoja wetu alitenguka.

SteejiWandegeya
Mnaongea falsafa. Mimi narudia bando. Ada, unga, mafuta ya boda, halafu umnunulie mtoto data ya kutazama wasichana wanaruka tyubu? Na ile kodi ya 200 kila siku ukitaka kufungua WhatsApp, hamjaisahau?

MhasibuWaNakasero
Ile ya 200 ilianza Julai 2018 ikafutwa Julai 2021. Iliyopo ni asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Unalipa bila kuiona, ndiyo maana umeisahau.

SteejiWandegeya
Asante mhasibu. Kwa hiyo nimeshinda kwa asilimia 12.

MwlZaituni
Hujashinda. Ingekuwa ni bei tu, watoto wa wenye waifai nyumbani wasingetoka nje.

FundiKatwe
Mimi ni fundi wa magari Katwe. Sijui mambo ya mtaala. Najua kwamba vijana wanakuja gereji kuomba beringi zilizokufa. Wanaivunja, wanatoa zile gololi za chuma. Moja ya beringi ya lori ni mali, wanaiita jenerali, inatawanya za kioo zote. Mwanzoni nilikuwa nawapa bure. Sasa nauza. Halafu wanachezea pesa, msidanganyike. Shilingi mia mbili, mia tano, kwa raundi. Nimeona kwa macho yangu hapa nyuma ya gereji.

Otis_Busia
Yaani kamari.

FundiKatwe
Si kamari ya kutisha. Lakini ni pesa.

MhasibuWaNakasero
Hapo fundi amesema jambo. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 inakataza mtu chini ya miaka 25 kuingia kubeti. Vijana wa sekondari mlangoni pale wanafukuzwa, au tuseme wanatakiwa kufukuzwa. Duulu haina mlinzi.

Otis_Busia
Ishirini na tano?! Kwetu ni 18. Mtu anaoa, anazaa, anapiga kura mara mbili, hajaruhusiwa kubeti!

MhasibuWaNakasero
Ndiyo hivyo. Na bado anabeti.

Dogo_S5
Si wote tunachezea pesa. Kwetu ukishindwa unatoa duulu yako, basi. Wa pesa tunawajua na tunawakwepa. @FundiKatwe jenerali moja unauza bei gani siku hizi?

FundiKatwe
Njoo na beringi mbovu ya kwenu tubadilishane.

MweseBingwa
Mnataja michezo ya kitoto tu na hakuna aliyetaja omweso. Vijana wamerudi na huko. Steji yetu ya Kawempe kuna wawili wa S.4 waliomaliza mtihani, wanakaa na wazee kutwa nzima. Wameanza kushinda. Wazee wameanza kusema jua kali, twendeni nyumbani.

Wa_Mutukula
Omweso si bao tu hilo? Mashimo 32, kete 64, kitu kimoja.

MweseBingwa
Hesabu ni hiyohiyo, mchezo ni mwingine. Kwenye bao la Kiswahili mnaanza na namua, unaingiza kete kutoka mkononi moja moja, mna nyumba, lile shimo maalumu, mna kichwa na kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu ya ndani, halafu ndiyo mtaji, mnacheza na kete za ubaoni tu. Omweso hauna hayo. Empiki zako, yaani kete, 32 zote ziko ubaoni toka mwanzo na unazipanga upendavyo upande wako. Ukila, unakula mashimo mawili ya mpinzani, la ndani na la nje, siyo la ndani peke yake. Na ulichokula unakirudisha kukipanda kutoka pale mkono wako ulipoanzia raundi hiyo, huchagui kichwa. Ukimkata pande zote mbili za mwisho kwa zamu moja, emitwe ebiri, mchezo umekwisha hata kama bado ana empiki nyingi. Hapo ndipo vijana wanapowaua wazee. Wazee wanacheza kwa kujilinda, kijana anahesabu mizunguko mitatu mbele kichwani. Mmoja wao anasoma hesabu na fizikia, anasema hii ni rahisi kuliko mtihani.

Wa_Mutukula
Nimekuelewa. Ila bila nyumba mnalalaje?

MweseBingwa
😂 Tunalala ushindi.

Kilembe_Boy
Na matatu je, ile ya karata? Kule bweni kwetu ilikuwa ndiyo elimu ya watu wazima. Saba inakata mchezo mnahesabu pointi.

MwlZaituni
Karata hazirudi popote, karata zimo ndani ya magodoro kila muhula. Tuachane nazo.

Otis_Busia
Mpira tu nao. Wa kwetu mnausukaje siku hizi? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, watoto wakahangaika. Mpira wa mitaani bila mifuko ya plastiki ndani hauruki.

Wa_Mutukula
Sisi tarehe 1 Juni 2019. Chandimu ikawa ya matambara tupu, ikinyesha inakuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mwanangu alivuka Mutukula akarudi na kaveera za Uganda zimefichwa kwenye soksi, anataka kutengeneza mpira. Nikamwambia ukikamatwa na mpira huo utakuwa mfanyabiashara wa magendo mdogo kuliko wote Kagera.

MkaziWaNtinda
Huku kaveera zinakatazwa kila baada ya miaka kadhaa na ziko kila duka.

Otis_Busia
Ndiyo maana mnatushinda kwepena. Mpira wa miguu hamtushindi.

SteejiWandegeya
CHAN ya mwaka 2025 tuliandaa pamoja, Kenya mkatolewa na Madagaska kwa penalti, sisi na Senegali, Tanzania na Moroko. Wote robo fainali. Nani amemshinda nani?

Wa_Mutukula
Umetuunganisha, steji.

MkaziWaNtinda
Jamani nimekwenda kuuliza. Yule binti wa kwenye ndoo yuko S.3. Anasema anayetoka wa kwanza raundi ya kwanza ndiye analinda simu, kwa hiyo wanabadilishana, na siku ile nilimkuta ni zamu yake. Na sababu ya ndoo siyo metroni. Kuna mwenzao aliteleza, mtu akamrekodi, video ikazunguka shule tatu. Toka hapo hakuna simu kiwanjani, anayerekodi hachezi. Nikamuuliza TikTok je? Akasema wanaocheza kwa ajili ya kurekodiwa wako kiwanja kingine, na "hawajui kukwepa, wanajua kugeukia kamera."
Na mtoto wa mama chapati, @KijanaWaKota, anasema alianza P.2 na hakuacha. Yeye ndiye aliwafundisha wa mageti.

KijanaWaKota
Sina la kuongeza.

Kilembe_Boy
Mimi ninalo. Binti wa dada yangu amesoma huu uzi, anasema ni uongo, kwao wanarekodi na hakuna aliyekufa.

BabaWatatu_Mbale
Na wewe MkaziWaNtinda, hukumuuliza walikuwa wapi 2020?

MkaziWaNtinda
Nilimuuliza. Alikuwa hapohapo Ntinda, ndani ya geti. Alisema alikuwa anasikia watoto wa upande wa pili wa ukuta wakihesabu.

BabaWatatu_Mbale
Ndilo nililosema toka mwanzo.

MjukuuWaMasaka
Mmoja! Mimi nina binamu wengi waliokuwa kwa bibi, niwalete hapa?

Mama_Bombo
Msigombane. Mimi nauliza la maana. Akibaki mmoja katikati, anatakiwa kukwepa mara ngapi ili awafufue wenzake? Bombo ilikuwa kumi. Juzi wajukuu wangu wanasema saba.

Dogo_S5
Kireka ni kumi na mbili, mama.

Otis_Busia
Busia hakuna kufufuka. Ukitoka umetoka.

MjukuuWaMasaka
Masaka ni kumi lakini mrushaji akikosa akavuka mstari, unapewa mbili.

MwlZaituni
Mnaona? Hii ndiyo insha yenyewe. Njooni Jinja Jumamosi ya kwanza ya likizo ijayo, uwanja wa shule uko wazi, tucheze kwa sheria za kila mji, raundi moja moja.

Wa_Mutukula
Nakuja na chupa na mchanga.

MhasibuWaNakasero
Mchanga Jinja upo, mzee. Lete chupa tu.

SteejiWandegeya
Nauli ya boda kutoka baspaki mpaka kwa mwalimu naibeba mimi kwa wote, isipokuwa Otis. Mpira nani analeta?

Otis_Busia
Mimi nitavuka na soksi. Kaveera mtaniwekea huko.

Mama_Bombo
Soksi ziwe zimefuliwa.